Umwinyi na Mali Kauli

Husemwa mara nyingi katika baraza zetu za Unguja ya kuwa mambo ya ukubwa na udogo wa jadi yalikwisha zamani, na ya kwamba siku hizi mtu ni mkono wake. Maneno haya ni mazuri, nasi twapenda yawe kweli. Walakini sisi tulioketi na watoto chuoni kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini, tukawaona wakitoka katika juzuu ya Amma wakenda sokoni kutafuta riziki, tumeona ya kuwa bwana wa zamani, hata akiwa kaburini kwa miaka mia, angali yumo dukani. Mara nyingine amesimama nyuma ya mizani akimsaidia mjukuu wake. Mara nyingine amemshika mkono mjukuu huyo huyo asiguse gunia. Na mara nyingine amekaa mlangoni, akimzuia mtoto wa watu wengine asipite. Hayo ndiyo tutakayo kuyaeleza, kwani wazee wengi wanaosoma kurasa hizi wana vijana waliomaliza masomo na hawana kazi, na kila mmoja wao huambiwa, "Fanya biashara," kana kwamba wote waanzia kizingiti kimoja.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kidogo. Mwinyi asili yake ni mwenye: mwenye mji, mwenye nchi, mwenye amri. Katika kisiwa chetu alikuwapo Mwinyi Mkuu, ambaye jumba lake la Dunga lilijengwa katikati ya karne ya 19, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873. Kabla ya hapo Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa amekwisha kuifanya Unguja makao yake, na pamoja naye na baada yake wakaja mabwana wa kabila mbalimbali za Oman, wakawa ndio wakubwa wapya wa nchi na wenye mashamba ya karafuu. Leo ukimwambia mtu kuwa ana umwinyi hukumsifu. Maana yake wamwona amekaa akingoja kutumikiwa. Neno la enzi limekuwa neno la uvivu.

Tuseme kweli pia juu ya mali ile ilivyopatikana, maana wako wanaoisimulia kwa machozi kana kwamba ilishuka pamoja na mvua. Mikarafuu ilipandwa, ikapaliliwa na ikachumwa na watumwa, watu waliotolewa bara kwa nguvu, na majina ya baba zao yakapotea njiani. Juu ya jasho hilo pakajengwa majumba, na juu ya majumba pakajengwa heshima. Lakini fedha taslimu aghalabu mabwana hawakuwa nazo. Karafuu haina desturi ya kuzaa sawasawa kila mwaka, na heshima haingoji msimu: arusi, hitima, wageni, mavazi, vyote vyataka fedha leo. Basi wakakopa kwa wafanyibiashara wa Kihindi, nao Wahindi wengi wao walikuwa wamekopa Bombay. Kwa kuwa riba ni haramu, shamba likawa lauzwa kwa bei ya khiyari: bwana humwuzia mkopeshaji kwa sharti ya kulikomboa baada ya muda, na katika muda huo hubaki humo humo akalipa kodi ya shamba lililokuwa lake. Kodi hiyo, kwa maoni yetu, ilikuwa ni riba iliyovishwa kanzu. Mwenye deni aliendelea kuitwa mwenye shamba na kuamkiwa shikamoo na wakulima, hali mwenye shamba wa kweli lilikuwa daftari la mtu mwingine mjini.

Kisha yakaja mapigo. Tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa, na mwaka 1897 utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria. Na katika kuondolewa huko waliolipwa fidia ni mabwana, si watumwa, jambo ambalo hatujapata kulisikia likielezwa kwa namna ya kuridhisha. Mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitunga sheria ya kuyazuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasizidi kuingia mikononi mwa wakopeshaji. Mwishowe yakaja Mapinduzi ya Januari 1964: damu ikamwagika, wengi wakakimbia, ardhi ikawa ya Serikali, na baadaye ikagawiwa watu kwa eka tatu tatu. Kwa hiyo mtu akituambia ya kuwa mjukuu wa bwana fulani amefanikiwa katika biashara kwa sababu alirithi mali, sisi humwuliza: mali ipi?

Kilichobaki kina jina katika lugha yetu, nalo ni mali kauli. Vijana wasiolijua na wawaulize wazee wao. Mali kauli ni bidhaa anayopewa mtu kwa neno tu, pasi na fedha na pasi na rehani: chukua magunia haya, uza, ukipata ulete. Sehemu kubwa ya biashara ya pwani hii ilikwenda kwa namna hiyo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wamemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, na aliyefariki Unguja mwaka 1905, alikwenda bara kutafuta pembe kwa bidhaa za kukopeshwa na tajiri Taria Topan, naye aliyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili wala hakuficha habari za mikopo yake. Mtu aliyefanya biashara ya pembe na ya wanadamu hatumtaji kwa kumsifu. Twamtaja kwa kuwa mfano wake u wazi. Nani angalimpa kijana asiyejulikana bidhaa za maelfu ya riale, aende nazo mahali ambapo habari zake zingalikawia miaka? Alipewa kwa sababu palikuwa na baba, na jamaa, na nyumba mjini. Akitoroka yeye, hawatoroki hao. Nasaba ilikuwa rehani isiyoandikwa.

Na rehani hiyo haikuchukuliwa mwaka 1964, kwani haimo katika ardhi. Waliokimbia walikwenda Mombasa, Dubai na Uingereza, na wengi wakaenda Oman, khasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Walikokwenda walikwenda na majina yao. Biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa tena Unguja katikati ya miaka ya 1980, ikawa kijana mwenye mjomba Dubai au binamu Maskati apata nguo, redio na vipuri kwa mali kauli, alipe akishauza. Na kijana asiye na mtu huko hana budi aanze kwa fedha taslimu, ambazo hana. Wote wawili huitwa wafanyibiashara wanaojitegemea. Mmoja wao hujitegemea juu ya mabega ya watu kumi.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika China, ambako mapinduzi ya mwaka 1949 yalikwenda mbali kuliko yetu, wenye ardhi walinyang'anywa mashamba yao, na watoto wao wakafungiwa milango ya masomo na ya kazi, khasa katika yale waliyoyaita Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza mwaka 1966. Wataalamu waliochunguza hesabu za watu wa huko wamekuta ya kuwa wajukuu wa wakubwa wale hupata kipato kinachozidi cha wenzao kwa kadiri ya sehemu 16 katika mia. Shamba halikurithiwa, wala cheo; na wataalamu wale wanasema ya kuwa wajukuu hao huamini zaidi kuliko wengine kwamba bidii ndiyo njia ya kufaulu. Yaani mababu waliponyang'anywa kila kitu walibaki na maneno ya kuwaambia watoto wao usiku, na maneno yale yakazaa.

Hapo ndipo sisi tunapotofautiana na Wachina, kwani kwetu, pamoja na jina, ukubwa uliwarithisha watu aibu ya kazi ndogo. Wazee wetu walitusimulia ya kuwa huko mashamba duka aliliweka Mmanga, yaani Mwarabu mgeni aliyekuja kwa pepo za kaskazi bila ya kitu, akalala juu ya magunia yake. Mwenye shamba wa jirani, ambaye huenda yeye na mgeni yule walikuwa watu wa kabila moja, angaliona fedheha kubwa kuketi na kumpimia mtu nusu ratili ya mchele. Lakini kumtuma mtoto kwenda kukopa mchele ule kwa Mmanga, hilo hakuliona fedheha.

Twashangaa aibu hii ilitoka wapi kwa watu wa dini yetu. Abdulrahman bin Auf alikuwa Mkureshi wa Bani Zuhra, mtu wa nasaba isiyo na shaka. Alipohamia Madina hana kitu, Saad bin Rabii, aliyefungwa naye udugu, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akauliza soko liko wapi, na jioni akarudi na faida ya jibini na samli. Mkureshi, na samli mikononi! Kisa hiki twawafundisha watoto kila mwaka, na kila mwaka tunamwona mzazi mmoja au wawili wanaokipenda sana katika darsa, lakini mtoto wao akianza kuuza maandazi mbele ya nyumba humwita ndani kwa sauti ya chini.

Tutoe mfano wa wanafunzi wawili waliohitimu kwetu mwaka 2011. Hatutawataja majina, na wakisoma hapa watajijua. Wa kwanza ni wa nyumba yenye mlango wa nakshi ambao bado upo, ingawa dari ya ukumbi imekwisha kuanguka. Alipotaka kuuza vitambaa, tajiri mmoja wa bidhaa za jumla alimpa marobota kwa mali kauli siku ile ile, kwa kuwa babu zao walikuwa wakisali safu moja. Kijana akafungua duka la vioo na feni, akaajiri mtu wa kukunja na mtu wa kupima, yeye akakaa barazani na simu yake. Mteja akiingia, humwita mmoja wa wale wawili. Haukwisha mwaka duka likafungwa. Deni lililipwa na jamaa zake, wengine wakiwa ng'ambo, kwani jina la nyumba halikubali kutajwa madukani. Tajiri hakupata hasara, na kwa hiyo hakujifunza kitu.

Wa pili, baba yake alikuwa mchukuzi bandarini. Ukimwuliza kijana huyo jina la baba yake atakupa, na la babu yake atakupa. La baba wa babu hana, na sababu ya kutokuwa nalo kila mtu wa kisiwa hiki aijua na hapana aisemaye. Kwa miaka miwili alitushikia fedha za matumizi ya chuo. Katika ile miezi mitatu iliyoanza Desemba 2009, Unguja yote ilipokosa umeme na mafuta ya taa yakawa ghali, yeye ndiye aliyekuwa akitununulia, akaandika kila chupa na bei yake katika daftari la mistari, na senti haikupotea. Naye alikwenda kwa tajiri yule yule. Akaulizwa swali moja tu: "Kwenu wapi?" Akataja mtaa wake. Akajibiwa, "Sikukuuliza unapokaa."

Hatumlaumu tajiri kwa kuogopa. Mali ni yake, na dunia imejaa watu wanaochukua mali kauli wakahama mji. Hata benki, pamoja na fomu zao na hewa yao ya baridi, huuliza swali lile lile kwa lugha nyingine: hutaka hati ya nyumba, na hati ya nyumba mara nyingi ni babu aliyeandikwa katika karatasi. Tunacholaumu ni kipimo. Jina la nyumba humweleza aliyekufa. Na mkopaji ni huyu aliye hai mbele yako. Bibi Khadija binti Khuwaylid alikuwa na nasaba na alikuwa na mali, na alipotafuta mtu wa kumpa bidhaa azipeleke Sham alimchagua Mtume wetu (S.A.W.) kabla ya utume wake, kwa uaminifu uliokuwa umekwisha kujulikana mjini. Atasema msomaji: naye pia alikuwa Mkureshi, tena wa Bani Hashim. Ni kweli. Lakini Makureshi walijaa Makka, na wengi walikuwa na mali kuliko yeye, yatima aliyelelewa na ami yake. Kilichompambanua na wenzake ni ile sifa ya Al-Amin, nayo hakuirithi kwa mtu.

Basi tukaandika barua. Hatukumwandikia tajiri mkubwa. Tulimwandikia mwenye duka wa kadiri, tukamweleza yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na pamoja na barua tukapeleka lile daftari la mafuta ya taa. Juu ya babu hatukuandika hata neno moja. Mwenye duka kwanza alicheka, akasema tangu azaliwe hajaona daftari la mafuta ya taa likiwekwa dhamana. Kisha akaliangalia ukurasa kwa ukurasa, akauliza kwa nini tarehe fulani bei ilishuka, na kijana akajua kumjibu. Akampa katoni tatu za sabuni.

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi mkubwa katika chuo chetu hushika daftari la kitu kimoja kwa mwaka mzima: chaki, au mikeka, au maji, au fedha za maulidi. Anayehitimu hupewa daftari lake aende nalo. Wako waliopata mali kauli kwa daftari hizo, ingawa si nyingi, na wako waliokataliwa kwa dharau. Mmoja alikula fedha za mikeka, nasi tukaandika hivyo hivyo mwisho wa daftari lake, na mama yake alitununia kwa muda mrefu. Jambo hili ni dogo sana mbele ya lile tulilolieleza juu, hatudai ya kuwa litaondoa karne mbili. Lakini mwenye kuswalisha watoto arobaini anaweza kuwa shahidi wa watoto arobaini, na ushahidi huo walio wengi wetu tunao bure na hatuutoi.

Yule wa kwanza yafaa tuseme ya kuwa hakubaki barazani. Aliondoka Unguja akaenda Kariakoo, Dar es Salaam, ambako hapana amjuaye babu yake, na walioonana naye wanasema ya kuwa siku hizi hubeba marobota yake begani mwenyewe, tena kwa kicheko. Tulipoisikia habari hii tulifurahi kuliko tulivyofurahi siku aliyohitimu. Alipokuja Idi iliyopita, lakini, alivaa joho la babu yake na hakubeba hata mfuko wa mkate.

Na yule wa pili sasa ana maduka mawili ya vyakula, na wauzaji wa jumla humpigia simu wao. Mwaka huu alitujia kwa jambo jingine: ataka kuoa, tumpelekee posa. Tulikwenda na wazee wawili, tukapokewa vizuri, tukaletewa kahawa na halua. Baba wa binti alimsifu kijana kwa dhati. Akasema kwamba yeye mwenyewe hununua kwake sukari na mchele, na kwamba akipungukiwa kijana humwandika tu hadi mwisho wa mwezi, wala hamsumbui mbele za watu. Kisha akakiweka kikombe chini akauliza, "Lakini maalim, kwao hasa ni wapi?"

Twajua ya kuwa wanavyuoni wa madhehebu yetu wameitaja nasaba katika habari za kufu, na ya kuwa maneno yao ni marefu. Hatukutaka kumfungulia mwenye nyumba darsa mbele ya halua yake. Tulimjibu kwa tuyajuayo, ya baba na ya babu, tukanyamaza. Akasema ni jambo la kheri, na kwamba atazungumza na jamaa. Hadi tunayaandika haya imetimia miezi miwili na jibu halijaja. Sukari bado inachukuliwa.